Gari la Safari Fupi

Jumatano, 2 Aprili 2025

Niliomba msaidizi wa nyumbani. Nimepewa gari!

Mama amelala, nyumba imenyamaza, nami nimejibanza jikoni na daftari la shule lililobaki nusu. Lazima niyaseme mahali. Nikimwambia mtu atanijibu kwamba nina bahati.

Jana ilikuwa Idd Pili. Fahim alikuja na mkewe na watoto. Kaka Junaid tukamweka kwenye simu, simu tukaiegemeza kwenye jagi la sharubati ili aione meza yote kutoka huko Doha. Nilikuwa nimejipanga. Tangu Mama avunjike nyonga mwezi wa kumi, mimi ndiye mikono yake na miguu yake. Namwogesha, namvalisha, namnyoosha mguu asubuhi na jioni, nampeleka kliniki ya mazoezi kila Jumanne na Ijumaa. Sinung'uniki. Ni mama yangu. Lakini mimi ni mwalimu wa jiografia. Nafasi yangu ya shule kule Eastleigh imewekwa mpaka muhula wa pili, na muhula wa pili unafunguliwa mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo nikasema kwa adabu, kati ya pilau na kahawa: tutafute mama mmoja mtu mzima, awe anashinda hapa mchana, mimi nirudi darasani.

Fahim akatabasamu, lile tabasamu lake la mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Akasema yeye na kaka wameshazungumza. Wameona ninavyohangaika na teksi. Wananunua gari! La familia, lililotumika lakini la kuaminika, la zile safari fupi fupi – kliniki, soko la Mutindwa, msikitini, nyumbani.

"Dereva ni wewe," akaniambia. "Sasa utapumzika."

Watoto wakapiga makofi. Junaid kule kwenye jagi akapiga makofi. Na mimi nikapiga!

La msaidizi halikutajwa tena.


Alhamisi, 3 Aprili

Kundi jipya la WhatsApp: "Gari la Mama". Tangu alfajiri ni picha tu. Junaid anataka Fielder kwa sababu rafiki yake alikuwa nayo na haikumsumbua. Fahim anataka gari refu la dizeli, lenye matairi ya kupanda milima. Mlima gani, Buruburu hii? Matuta ya Rabai Road?

Mimi nimeulizwa jambo moja: rangi.

Mama haoni vizuri maandishi ya simu, nikamsomea yote. Akasikiliza huku anatoa kokwa kwenye tende, taratibu, moja baada ya nyingine. Halafu akauliza:

"Na hilo gari lafika Mombasa?"

Nikacheka. Nikamwandikia Fahim swali hilo. Akajibu kwa kile kikatuni cha kucheka hadi machozi. Chini yake: mwambie Mama hili ni la safari fupi.

Nilipoinua macho, Mama alikuwa hacheki.


Jumamosi, 5 Aprili

Gari la kwanza. Triza ametupeleka na kigari chake. Triza ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na tulikuwa tukifundisha shule moja. Yeye bado anafundisha.

Yadi ya kuuzia magari iko kando ya Jogoo Road. Muuzaji alivaa miwani ya jua na mbingu imejaa mawingu. Fielder ya kijivu, imeng'arishwa mpaka unajiona ndani yake.

"Niaje madam. Hii ilikuwa ya mama mmoja wa kanisa. Ni church na nyumbani, church na nyumbani. Cheki mita – haijatembea kabisa."

Mita ilisema hivyo kweli. Lakini nilipokaa kwenye usukani nikatazama chini. Mpira wa kanyagio la breki umelika, chuma kinachungulia. Usukani unateleza kama kijiko. Kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja. Nikamwuliza kama huyo mama alikuwa anakanyaga breki njia nzima mpaka kanisani.

"Aii madam, hiyo ni model tu."

"Model ya nini?" Triza akadakia. "Ya kukesha?"

Tukacheka. Nilicheka kwa sauti, nikashtuka kuisikia.

Kisha tukamjaribisha Mama. Kiti kiko chini mno. Ilibidi ajiachilie aanguke ndani, na nyonga ikamkamata. Hakupiga kelele, alinishika bega tu, kucha zikaingia. Kumtoa tukasaidiana sisi wawili na yule wa miwani, ambaye aliivua na kusema pole shosho, pole sana. Basi nimejifunza: kiti kiwe usawa wa nyonga yake, asishuke wala asipande. Katika picha zote zile za kundi hakuna aliyewaza hilo. Hata mimi.

Njiani Triza ananitazama kwenye kioo. "Na shule?" Nikasema bado naongea nao. Tulipofika getini akazima gari.

"Salme, hilo gari likija hurudi shule."

Nikajifanya natafuta fremu ya Mama ya kutembelea.


Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Teksi mbili zimekataa kuingia kwenye maji yaliyojaa Mumias South Road. Tumefika kliniki tumelowa, Mama anatetemeka, daktari wa mazoezi ameudhika kana kwamba mimi ndiye niliyeinyesha.

Jioni simu kutoka Mombasa. Ni binti yake Mama Mkubwa Hikma. Mama Mkubwa ndiye dada pekee aliyembakia Mama. Anakaa Kuze, Mji wa Kale, nyumba ileile waliyozaliwa. Moyo umevimba. Alilazwa, ametolewa, na sasa kila anayeingia chumbani anaulizwa: Sundus amefika?

Sundus ni Mama.

Wakapewa simu wote wawili. Walizungumza kidogo tu. Halafu wakawa hawazungumzi tena, kila mmoja anasikiliza mwenzake anavyopumua. Sikujua kama nikate au niache. Nikaacha.

"N'takwenda," Mama akasema baadaye. Si kwa kuomba.

Nikampigia Fahim. Ndege? Mama hajawahi kupanda, na ndicho kitu pekee anachokiogopa duniani. Treni imejaa, shule zimefungwa na Nairobi nzima inakwenda pwani. Barabara, basi – hapo sauti yake ikabadilika. Barabara ile hapana. HAPANA, Salme.

Baba alifia barabara ile, karibu na mji mdogo wa Salama. Fahim ndiye aliyekwenda kumtambua, hata chuo hajamaliza. Sijui aliona nini. Hajawahi kusema, nasi hatukuuliza. Kwa hiyo siwezi kumkasirikia. Na hilo ndilo linalonichosha – kwamba siwezi kumkasirikia!

Amesema daktari aseme kwanza. Mama amegeukia ukuta.


Jumatano, 9 Aprili

Triza amekaa na Mama, nami nimekwenda Kariobangi, Light Industries, kwa fundi wake Kimanzi. Peke yangu! Nilitembea nikipunga mikono kama niliyefunguliwa kamba. Nyundo, cheche, vumbi la kutu, mtu anaimba chini ya lori – na hakuna anayeniita.

Nikamweleza Kimanzi: safari fupi tu, kila siku, hazifiki mbali. Nilidhani atasema gari lolote litafaa. Akatikisa kichwa. Injini haipati moto wa kutosha, akasema, oili inashika unyevu, betri haijai. Dizeli za siku hizi ndizo zinazoumia zaidi. Chujio la moshi linazibwa na masizi. Tuchukue petroli, injini ndogo. Oili tubadilishe kwa miezi, tusingoje kilomita. Matairi yanazeeka hata yakisimama.

"Na ulitoe, madam. Mara mojamoja. Thika, Machakos, popote. Liende mbio kidogo."

Kisha akaniambia kwa bahati nzuri shemeji yake anauza moja. Akafunua turubai. Akalipiga ufunguo. Likakohoa. Akalipiga tena. Likanyamaza kabisa. "Leo kuna baridi," akasema, na jua lilikuwa linachoma! Tukacheka wote wawili, akalifunika.

Nimeyaandika yote kwenye kundi. Junaid: asante mtafiti wetu. Fahim: sawa, dizeli tuachane nayo, lakini hayo ya mwendo mrefu sahau, mafundi wanapenda kuongea.


Jumamosi, 12 Aprili

Tumelipata.

Ni Sienta, nyeupe, ya Bwana Wehliye wa Eastleigh. Mkewe alikuwa anapeleka nalo watoto shule. Sasa wanahamia Garissa, wanataka gari la juu. Akatuonyesha kila kitu bila kuulizwa, mpaka mkwaruzo wa nyuma ambao nisingeuona. "Ni mimi, si mke wangu," akasema, na mkewe dirishani akacheka sana. Makanyagio yamelika kiasi, usukani umechoka kiasi, mita inasema kilekile wanachosema. Mlango wa nyuma unateleza pembeni wenyewe. Sakafu iko chini, kiti kiko usawa. Mama akageuka, akaketi kama anavyoketi kitandani kwake, miguu ikafuata. Basi! Bila kunishika. Akanitazama. Akatoka, akaingia tena. Kwa raha tu!

Wehliye akanipa ufunguo, nizunguke. Nikatoka Juja Road, Mathare bondeni kushoto, mabati yanameremeta baada ya mvua. Nilipaswa kugeuza Kariobangi. Sikugeuza. Nikaingia Outer Ring, nikapanda Thika Road, na gari likavuta kwa utulivu, hakuna kelele, hakuna mtetemo. Nikajikuta mabega yameshuka. Sikujua yalikuwa yamepanda.

"Twende tu," Mama akasema nyuma.

"Wapi, Mama?"

"Si lazima pawe na jina."

Tuligeuzia Kahawa. Tuliporudi Wehliye alikuwa amesimama barabarani mikono kichwani, mkewe anampepea. Niliomba radhi mpaka nikaishiwa maneno. Akasema alishaanza kumwona askari atakayemwandikisha.


Jumanne, 15 Aprili

Limenunuliwa. Fahim amefanya mazungumzo yote kwa simu, kisha akaenda kulichukua mwenyewe. Limeandikishwa kwa jina lake. Nilipouliza akasema ni mambo ya bima, ni rahisi zaidi hivyo. Labda ni rahisi. Sijui kwa nini nilikuwa nimejiona mimi kwenye ile karatasi.

Hajalileta bado. Kuna kitu anaongeza, amesema. Cha usalama.

Nikamwuliza tena habari ya msaidizi. Kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Salme, si una gari sasa?"


Alhamisi, 17 Aprili

Gari liko getini. Majirani wamelizunguka. Triza amelipiga picha. Fahim ametundika kwenye kioo shanga za maombi za Baba, nami machozi yakanitoka, kwa sababu ni mtu mwema, ndugu yangu. Amembeba Mama mikononi kutoka sebuleni mpaka kwenye kiti, Mama anamwambia niache, natembea, naye anacheka na kumbeba.


Jumapili, 20 Aprili

Soko, nyumbani. Msikitini, nyumbani. Duka la dawa, nyumbani. Soko.

Rabai Road nimeshajua matuta yote kwa mgongo.


Jumanne, 22 Aprili

Kliniki. Daktari wa mazoezi ameridhika na Mama. Mama akamwuliza yeye mwenyewe, kabla sijafungua mdomo: naweza kwenda Mombasa kwa gari? Akasema kwa nini usiweze, mama, mradi msimame mara kwa mara unyooshe miguu. Nikamwomba aseme tena, nikamrekodi kwenye simu. Nikamtumia Fahim. Amesikiliza, alama mbili za buluu, hajajibu.

Tulipotoka nikasema ninapita shuleni mara moja. Mama akasema pita. Nikamwacha ndani ya gari chini ya kivuli, dirisha wazi, naye ameanza maongezi na muuza ndizi.

Mwalimu mkuu, Bwana Okinyi, alikuwa kazama kwenye ratiba za muhula. Alifurahi kuniona kwa kweli. Akanionyesha ramani mpya ya ukutani, Afrika Mashariki yote, bado inanukia plastiki. Kisha akavua miwani. Ratiba inabandikwa Alhamisi. Jina langu liwemo au lisiwemo? Amesubiri muhula mzima. Hawezi tena, kuna mwalimu mwingine wa kuchukua yale madarasa.

Nikasema nitamwambia Alhamisi.

Kabla ya magharibi Fahim akapiga. Nikadhani ni habari ya daktari.

"Leo mlifanya nini Eastleigh?"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikauliza amejuaje. Akasema gari lina kifaa, linaonekana kwenye simu yake, si alinieleza? Cha usalama. Magari yanaibwa. Likitoka nje ya mtaa simu yake inalia. Hakuna ubaya, Salme, nilitaka tu kujua mko salama. Alisema kwa sauti ileile aliyombebea Mama.

Wali ukaungua. Mama alisikia kila neno, maana simu ilikuwa kwenye spika.

Alikula wali ulioungua, akaumaliza wote.


Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi nimempigia Fahim mara ya mwisho. Nikamwambia waziwazi: ama msaidizi, ama kazi yangu inakwenda leo. Akasema Mama hawezi kuoshwa na mgeni. Akasema Mama ananihitaji mimi. Akasema kazi zipo, mama ni mmoja. Nifanye nini na maneno kama hayo? Huwezi kuyapinga ukabaki mtu mzuri. Nikamwandikia Bwana Okinyi neno moja: lisiwemo.

Nikatoka, nikakaa ndani ya gari. Sikuliwasha. Nilikaa tu, mikono kwenye usukani, natazama geti.

Mama akaja mwenyewe. Nilisikia fremu kwenye saruji kabla sijamwona. Ni mbali kwake, kutoka sebuleni mpaka pale. Akaegemea dirisha. Triza amemwambia habari ya shule.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungefanya nini, Mama?"

"Ningesema. Hakuna aliyeniuliza. Mgeni! Aniogeshe tu, nina nini mimi cha kuficha, mzee mzima? Wewe wanivuta nywele kila siku."

"Nakuvuta nywele?"

"Kila siku. Na unaimba vibaya. Wadhani ni wewe tu uliyechoka, mwanangu? Hata mimi nimekuchoka."

Kwanza nilikasirika. Halafu likaniingia, nikaanza kucheka, naye akaanza, mpaka ikabidi nishuke nimshike asianguke. Tulisimama hapo tumeshikana kama walevi. Nyumba moja, milango imefungwa kwa nje, na kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye ufunguo!

Saa tisa binti yake Mama Mkubwa akapiga. Hakulia. Alisema tu: kama mnakuja, njooni.

Mama akamtaka Fahim kwenye simu, mwenyewe. Nilisikia upande wake tu. Ndiyo. Ndiyo, baba. Mwezi ujao? Utapanga wewe. Naam. Akakata bila kuaga. Mama hajawahi kukata simu bila kuaga, hata akipigiwa na watu wa bima.

Akaivuta fremu yake.

"Kesho ni siku ya kliniki?"

"Ndiyo, Mama."

"Nitilie kanga mbili na dawa zangu. Na ile dera ya zambarau, Hikma aipenda."


Ijumaa, 25 Aprili

Niko Kyumvi, kituo cha mafuta, pale njia ya Machakos inapokata. Naandika ili nisipige mayowe.

Asubuhi tulitoka kama watu wanaokwenda kliniki. Triza alisimama mlangoni kwake na kikombe, akaona begi, hakuuliza. Alitupungia. Pale pa kukata kwenda kliniki nikawasha indiketa, kwa mazoea tu.

"Zima hiyo," Mama akasema.

Nikazima.

Mpaka Mlolongo malori kila upande. Mama anasoma dua kwa sauti ya chini, halafu anaacha na kuniambia habari ya jengo jipya, halafu anarudi kwenye dua. Baada ya Athi River majengo yakaisha. Nyasi zimeota baada ya mvua, kijani mpaka upeo. Miaka yote nimefundisha watoto nyanda hizi kwa chaki, na sikukumbuka kwamba zina harufu. Gari linakwenda vizuri! Petroli, injini ndogo, haijapandisha joto hata kidogo. Nilikuwa naliongelesha. Nilikuwa nalisifu kama punda.

Simu niliinyamazisha, lakini niliiona inawaka. Fahim. Fahim. Fahim. Kabla ya kushuka hapa nikaegesha, nikamwandikia: tuko salama, nampeleka Mama kwa dada yake, tukifika nitakupigia, usiogope.

Tukashuka kama daktari alivyosema. Mama akatembea mpaka chooni na kurudi, akanywa chai, akala mahamri mawili. Mhudumu wa mafuta, dada mmoja anaitwa Ayuma, akamletea kiti na akakataa kukirudisha mpaka Mama amalize. Mama akaswali adhuhuri ameketi humo humo. Alikuwa na rangi usoni ambayo sijaiona tangu mwezi wa kumi.

Tukapanda. Nikawasha.

Hakuna.

Taa zinawaka, redio inaongea, injini kimya. Nikajaribu tena. Ayuma akamwita mwenzake, wakafungua boneti, wakapima betri, iko sawa. Mafuta yapo. Nikasimama katikati ya kituo nikilitazama gari hili jeupe ambalo nimelichagua mimi, kwa kanyagio, kwa kiti, kwa kila kitu nilichojua na nisichojua. Nikataka kulipiga teke.

Ndipo ujumbe ukaingia.

"Gari nimelizima kutoka hapa kwa kile kifaa. Kaeni hapohapo nakuja. Msiende popote."

Na chini yake, peke yake: "Salme tafadhali. Si barabara ile."

Nikamsomea Mama. Sikumficha hata lile la mwisho. Akatazama malori yakipita, akanyoosha mkono.

"Mpigie. Nipe."

Nikampigia, nikampa. Fahim alianza kwa kelele, nilimsikia kutoka kiti cha mbele – tumepoteza akili, nyonga, malori, angejuaje kama gari halijaibwa. Mama akamwacha amalize.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa nisikie na mimi. Yule aliyekufa alikuwa mume wangu kabla hajawa baba yako. Nimelia mwenyewe, sikukutuma wewe unililie. Hikma ananingoja. Waniwekea kufuli hata wewe, Fahim? Mimi niliyekuzaa?"

Nikasikia ndugu yangu analia. Mtu mzima, mwenye watoto, analia kama siku ile aliporudi kutoka Salama. Kama angeniambia mimi pale, geuka, rudi, nadhani ningerudi kwa miguu.

"Mama, nakuja," akasema. "Nipo njiani. Nisubirini."

"Njoo," Mama akamjibu, taratibu, bila hasira. "Ukinikuta, sawa."

Akanirudishia simu. Akabonyeza kitufe, mlango ukateleza. Nikauliza anakwenda wapi. Akasema mabasi ya Mombasa yanasimama pale mbele, Ayuma amemwambia, yakiwa na nafasi yanabeba. Funga madirisha, akaniambia, mvua isiingie. Chukua mkoba wa dawa.

Nimefunga madirisha. Mkoba uko mapajani. Gari hili haliwezi kuachwa hapa, ni la Fahim, jina lake. Nikibaki nalo, Mama anapanda peke yake. Nikipanda naye – sijui. Sijui nikipanda naye nitarudi kwa nani. Fahim labda ameshapita Mlolongo. Simu inawaka tena, sasa ni Doha.

Ayuma amemshika Mama kiwiko. Wamefika ukingoni mwa lami. Hajageuka hata mara moja kuangalia kama ninakuja. Kuna basi linateremka kutoka upande wa Nairobi, kubwa, linapunguza mwendo, na Mama ameachilia fremu kwa mkono mmoja, ameuinua –